Mwaka Tulipojifunza Kuimba Mateso

Julai iliyopita tulimzika Bosko. Songea ilikuwa katika baridi yake ile ya kupasua midomo, na sisi waombolezaji tulijibana sebuleni kwake tumejifunika makoti na vitenge, tunakunywa chai ya tangawizi. Nilikaa karibu na kabati la vyombo nikisikiliza watu wakitaja mema yake: duka lake la nguo, ukarimu wake, utani wake. Mjukuu wake mmoja, binti wa sekondari aliyefika asubuhi hiyo kutoka Dodoma, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi Valburga, ni kweli babu aliwahi kufukuzwa kanisani kwa ajili ya gitaa, halafu akaja kuimba Mateso siku ya Ijumaa Kuu?" Nikamwambia kwamba ni kweli, ila hakufukuzwa, alijiondoa mwenyewe, na kwamba siku aliyoimba mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. "Wewe uliimba sehemu ya nani?" akauliza. "Mimi nilikuwa Msimulizi," nikasema, na neno lenyewe likanitoka kwa majivuno, mtu mzima kama mimi, katikati ya msiba. Sikuona haya. Yapo mambo machache maishani mwangu ninayoyaonea fahari bila kumwomba mtu radhi, na mwaka ule ni mojawapo.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Habari za wazazi wangu na jinsi tulivyofika mtaa wa Msamala nitaziacha, maana hazihusiki sana; itoshe kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri majibu ya mtihani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ambayo tangu utoto wangu yalikuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kunukia, betri na mafuta ya nywele. Mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, na watu wazima wakaonekana mtaani wamevaa makoti yenye maandishi ambayo hakuna aliyeyaelewa. Wanunuzi binafsi wa mahindi walifika na malori yao hadi Mpitimbi, na redioni walikuwa wanabishana kama nchi iwe na chama kimoja au vingi. Kila kitu kilikuwa kinafunguka. Sisi vijana tuliamini kwamba vya zamani vyote vimepitwa na wakati, na bila kulisema waziwazi tuliwaweka wazee katika fungu hilohilo.

Kanisani kwetu, kigango kidogo chenye kuta za matofali ya kuchoma na mabenchi yasiyo na egemeo, mambo yalikuwa yameharibika tangu mwaka uliotangulia. Bosko, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili anayeuza mitumba, alikuwa amenunua gitaa na kuja nalo kwenye misa. Mzee Alto, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, alisimama kabla ya wimbo wa mwanzo, akalichukua gitaa mikononi mwa Bosko, akaenda kuliegemeza nje ukutani kama mtu anayetoa jembe lililosahauliwa ndani. Bosko akatoka kulifuata gitaa lake, na nusu ya vijana wakatoka naye. Tangu siku hiyo vijana walihudhuria misa wakiwa wamesimama nje madirishani, wengine wakiongea na kucheka wakati wa mahubiri, na jioni wakaanza kwenda kusikiliza wahubiri wa mahema kwenye uwanja wa mpira, ambako kulikuwa na magitaa matatu na vipaza sauti. Wazee walibaki na mabenchi yao. Paroko alikuja mara moja kwa mwezi, akaona kanisa limegawanyika kama chungwa, akaomba pande zote zipatane, akapanda pikipiki yake akarudi parokiani.

Katikati ya Majilio akafa Mzee Xaveri. Ili kifo hicho kieleweke, lazima niseme kidogo juu ya Mateso. Kila Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, injili ya Mateso ya Bwana katika kigango chetu haikusomwa, iliimbwa. Waliiimba wazee watatu waliosimama mbele ya altare, bila chombo chochote. Mzee Otmar, aliyekuwa katekista wetu zamani na ambaye wote tulimwita Mwalimu, aliimba maneno ya Kristo. Mzee Alto aliimba maneno ya watu wengine wote, Petro, Pilato, makuhani na umati. Mzee Xaveri alikuwa Msimulizi, mwenye sehemu ndefu kuliko zote, anayeunganisha kila jambo na jambo. Sauti ya wimbo huo ililetwa na wamisionari, lakini midomoni mwa babu zetu Wangoni ilikuwa imepinda na kuongezeka uzito hadi ikawa ya kwetu. Hapakuwa na karatasi yoyote yenye noti. Ilikuwa vichwani mwa watu watatu, na sasa wamebaki wawili. Siku ya kuanua matanga nilimsikia paroko akimwambia Mzee Alto, "Mwaka huu tutasoma tu, kama makanisa mengine," na Mzee Alto akajibu, "Heri kusoma, Padri, kuliko kuwapa hawa wa madirishani." Nilikuwa ninapita na sinia la ugali. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa madirishani.

Nisingeingia katika jambo hili hata kidogo kama si Bibi Kunigunda, mke wa Mwalimu Otmar. Alinikuta bombani mwanzoni mwa Januari, ndoo yangu bado haijajaa.

"Wewe binti, unasoma vizuri?"

"Shikamoo bibi. Nasoma."

"Marahaba. Unasoma kwa sauti, au kwa macho tu?"

Nikamwambia hata kwa sauti naweza. Akaniambia kwamba macho ya mzee wake yamefunga kabisa, yale yaliyoanza kama ukungu miaka mitatu nyuma, na kwamba mzee anataka kusomewa. "Njoo kesho saa nne. Utakula kwetu." Nilikwenda kwa sababu ya adabu, na kidogo kwa sababu nyumbani tulikuwa tunakula maharage kila siku.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje lililoezekwa kwa nyasi, na maisha yao yote yalikuwa yamehamia katika jiko hilo. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani, mgongo umenyooka, koti la kaki limefungwa hadi kifungo cha juu, kana kwamba mkaguzi anaweza kuingia wakati wowote. Bibi Kunigunda alikuwa mbele ya mafiga. Moshi ulikuwa umepaka dari na kuta rangi nyeusi ya kung'aa, na juu ya moto kulikuwa na kichanja chenye mahindi ya mbegu. Siku hiyo tulikula ugali na likolo la majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Likolo ndiyo mboga kwa Kingoni, na Bibi Kunigunda hakuwahi kuiita kwa jina jingine. Baada ya kunawa, Mwalimu akanyoosha mkono na kunipa kitabu cha masomo ya misa kilichofungwa kwa kitambaa. "Fungua Ijumaa Kuu," akasema. "Soma polepole. Nitakusimamisha."

Nilisoma sentensi mbili, akanisimamisha. "Rudia hilo." Nikarudia. Akatikisa kichwa, kisha akaimba sentensi ileile kama anavyoijua yeye, na nikaelewa tatizo. Maneno hayakuwa sawa. Kitabu kilikuwa cha tafsiri mpya. Sauti ilikuwa ya tafsiri ya zamani. Palipokuwa na neno fupi zamani, sasa palikuwa na maneno matatu. Palipokuwa na neno refu la kuvutia sauti hadi chini, sasa palikuwa na neno linalokatika ghafla kama ngazi iliyovunjika. Xaveri, Otmar na Alto walikuwa wakiendelea kuimba ya zamani kila mwaka, na paroko mpya alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba hawezi kuendelea kuruhusu maneno yasiyo ya kitabu. Kwa hiyo, hata kama Xaveri angeishi, sauti ile ilikuwa inakufa. Ilihitaji mtu anayejua sauti na mtu anayeweza kuona maneno, wakae pamoja, waishone neno kwa neno. Mwalimu alikuwa na sauti bila macho. Mimi nilikuwa na macho.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha au isinyeshe. Nilisoma sentensi, yeye akaipima kwa vidole kwenye goti, akajaribu, akaikataa, akajaribu tena. Nilipoona inamshinda, nilianza kujaribu mwenyewe. Mara ya kwanza nilifanya hivyo bila kufikiri: nilisogeza uzito wa sauti kutoka neno la pili hadi la nne, na sentensi ikakaa. Vidole vya Mwalimu vikasimama gotini. Nikadhani nimemkosea heshima. "Iimbe tena," akasema. Nikaiimba. Akageuza uso kuelekea kwenye mafiga. "Kunigunda, umesikia?"

"Nimesikia," bibi akasema bila kuacha kukoroga. "Lakini mwishoni apande kidogo kabla ya kushuka. Xaveri alikuwa anapanda."

Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba Bibi Kunigunda aliyajua Mateso yote, sehemu zote tatu. Wanaume wale watatu walikuwa wakifanyia mazoezi jikoni kwake kila Kwaresima kwa zaidi ya miaka thelathini, yeye akipika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba anayepika ana masikio. Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kusema, alinitazama kama nimeuliza kwa nini moto unaunguza. "Nani aliniuliza?" akasema. Nimezeeka sasa, nimekaa katika halmashauri nyingi za kanisa, nimesikia mipango mingi ya kuwaunganisha vijana na wazee, mipango yenye makabrasha na semina na chakula cha mchana. Kila mara nakumbuka kwamba sisi hatukuwa na mpango. Tulikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeweza kuifanya peke yake, na sufuria ya likolo.

Majibu ya mtihani yalitoka Februari. Sikuchaguliwa kuendelea. Nilisoma orodha iliyobandikwa, nikaisoma tena kuanzia chini kwenda juu, kisha miguu ikanipeleka kwa Mwalimu ingawa ilikuwa Jumanne, siku ambayo hatukuwa na somo. Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Bibi Kunigunda hakuniambia nisilie. Aliniwekea bakuli la togwa. Mwalimu alisubiri nimalize, kisha akasema, "Mimi nimefundisha watoto wa eneo hili tangu enzi za mkoloni. Wachache sana wamewahi kunifundisha kitu. Wewe ni mmoja." Akanigeuzia uso. "Xaveri hana mtu. Nataka usimame mahali pake."

Nilidhani amechanganyikiwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kuimba Mateso kwetu. Wanawake walikuwa hawasimami hata kusoma somo la kwanza. Nilimwambia watu watacheka. "Watacheka sentensi ya kwanza," akasema. "Sehemu yako ina sentensi nyingi."

Bosko aliingia kwa njia nyingine. Alikuwa rafiki yangu, na nilimsimulia habari za jikoni kwa kujigamba. Hakuamini. Jumatano moja akanifuata, amebeba begani radio kaseti yake kubwa, ile aliyokuwa akiitumia kuvutia wateja kwenye meza yake ya nguo, na betri alizokuwa amezianika juani asubuhi nzima ili zipate nguvu. Alimwamkia Mwalimu, akaomba ruhusa ya kumrekodi. Mwalimu akauliza kurekodi ndiyo nini. Bosko akasema, "Imba tu, babu." Mwalimu akaimba maneno ya Kristo kule bustanini anapowauliza askari wanamtafuta nani. Bosko akarudisha mkanda, akabonyeza. Sauti ikatoka ndani ya lile boksi, na mzee akashika mikono ya kiti chake. Alisikiliza hadi mwisho, uso umeinama. Kisha akasema taratibu, "Huyo ni marehemu baba yangu." Tulimweleza kwamba ni yeye mwenyewe. Alitikisa kichwa. "Sijawahi kujisikia. Lakini baba nilimsikia. Ndiyo yake." Akaomba arudiwe. Bosko akarudisha mkanda tena. Aliuacha ule mkanda pale, na Ijumaa akaja tena, na Jumatatu, na kufikia katikati ya Kwaresima alikuwa anaijua sehemu ya Mzee Alto vizuri kuliko alivyojua nyimbo za gitaa.

Sehemu ya Mzee Alto, kwa sababu Mzee Alto alikuwa amekwisha kukataa. Nilisikia kwa masikio yangu. Siku hiyo alikuja kwa hasira, akapokelewa katika chumba kilichopakana na jiko, na mimi nilikuwa jikoni nikichambua dagaa. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, na maneno yalipita kama hakuna kitu. Alimwamkia Mwalimu shikamoo, maana yeye alikuwa mdogo kwake kwa miaka kama ishirini na Mwalimu ndiye aliyemfundisha. Kisha akasema, "Mwalimu, nimesikia jambo ambalo sikulipenda. Unawapa Mateso watoto waliosimama nje wakicheka wakati wa mahubiri."

"Sasa wako ndani. Wako jikoni."

"Mimi ulinifundisha miaka mitatu kabla hujaniruhusu kufungua mdomo mbele ya altare. Ulinipiga fimbo kwa ajili ya neno moja. Hawa wanataka kwa wiki chache. Na msichana! Ukimsimamisha msichana pale, mimi sisimami."

Bibi Kunigunda aliacha kukoroga. Kisha Mwalimu akasema, "Xaveri ameenda na sauti yake. Tumeifukia pale, Alto, mimi na wewe tumetupa udongo juu yake. Unataka na mimi niende na yangu? Udongo utaifanyia nini?"

"Wanangu wawili wako kwenye yale mahema," Mzee Alto akasema, na sauti yake ikawa nyingine, ya mtu aliyechoka. "Mimi sikuwanyima kitu. Niliwafundisha sala zote. Wameondoka hivihivi. Sasa niwapigie makofi wenzao?"

Nilikuwa nimemchukia Mzee Alto kwa zaidi ya mwaka mzima, tangu alipolitoa lile gitaa nje, na ghafla nikajikuta na dagaa mikononi nikimwonea huruma. Ilinisumbua. Ni rahisi zaidi kumchukia mtu ambaye hujamsikia akizungumza na mwalimu wake.

Jumapili ya Matawi paroko alifika, akatusikiliza sakristini, Mwalimu, Bosko na mimi, mlango umefungwa. Tuliimba robo tu ya Mateso akainua mkono. Alikuwa padri kijana, na nadhani alikuwa akitafuta namna ya kukataa bila kuwaudhi wazee. Aliuliza nani ameweka maneno mapya katika sauti. Mwalimu akanyoosha kidole mahali nilipokuwa, akakosea kidogo, akamwonyesha Bosko. Bosko akaushika ule mkono kwa upole akausogeza hadi kwangu. "Ijumaa," paroko akasema. "Na kama kuna atakayeuliza, aniulize mimi."

Nyumbani siku ile nilifua gauni langu jeupe la kipaimara, lililokuwa limenibana tayari, na mama akafumua mishono ya kwapani akaongeza kipande cha kitenge. Ijumaa Kuu mvua ilikatika saa sita. Kanisa lilijaa hadi milangoni. Habari ilikuwa imeenea, na madirishani walikuwa wamejazana vijana, safari hii kimya, shingo ndefu. Nilimshika Mwalimu mkono nikampeleka mbele. Alikuwa hajala kitu tangu jana yake, na kiganja chake kilikuwa kikavu na baridi. Mzee Alto alikaa benchi la mbele upande wa wanaume, mikono juu ya magoti, anatazama sakafu.

Walicheka sentensi ya kwanza. Si wengi, mtu mmoja aliguna, mwanamke mmoja akasema "Mh!", na mtoto akauliza kwa sauti, "Ni dada Vali?" Lakini sehemu yangu ilikuwa na sentensi nyingi, na kufikia ya tano nilikuwa nimewasahau. Sauti ya Xaveri ilipita kwangu na maneno mapya yakakaa ndani yake kila moja mahali pake, mahali tulipokuwa tumeyaweka asubuhi zile zote za mvua. Bosko aliimba Petro anayekana hadi wanawake wa benchi la nyuma wakaanza kufuta macho. Kila Mwalimu alipoimba, wazee walifumba macho. Nilikuwa nimeishi kati ya watu hawa tangu utotoni, na kamwe sikuwahi kuona kanisa lote, waliokaa na waliosimama, wakisikiliza kitu kimoja.

Tulifika msalabani. Ni pale ambapo Bwana anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi. Niliimba utangulizi, nikashusha sauti, nikamwachia Mwalimu. Hakuimba. Nilimtazama. Midomo yake ilikuwa inatafuta. Miaka themanini, njaa ya mfungo, karibu saa nzima amesimama, na maneno mapya. Uzi ulikuwa umemtoka mkononi. Nilijua sentensi yake, Bosko aliijua, lakini ilikuwa sauti ya Kristo na hakuna kati yetu aliyethubutu. Nilisikia matone yakidondoka kutoka ukingo wa paa. Mtu akakohoa. Nikaona paroko anageuka, anataka kusogea.

Ndipo ikasikika kutoka upande wa wanawake, benchi la tatu kando ya nguzo. Bibi Kunigunda hakusimama. Alikuwa ameketi, mikono mapajani, khanga begani, na aliimba sentensi ile nzima, maneno mapya kwa sauti ya zamani, bila haraka, kwa sauti ya mwanamke mzee iliyokwaruzwa na moshi, lakini iliyo sawasawa kila mahali. Aliimba maneno aliyoambiwa mama, kisha yale aliyoambiwa mwanafunzi. Mwalimu aliugeuza uso wake kule sauti ilikotoka, na nikaona mabega yake yakishuka. Sentensi iliyofuata ya Kristo, ile ya kiu, aliiimba mwenyewe, na ilikuwa imara kuliko zote alizoimba siku hiyo. Nilipotangaza kifo watu wote walipiga magoti. Wale wa madirishani walipiga magoti kwenye matope.

Ijumaa Kuu watu hawapongezani. Tulitoka kimya. Lakini Pasaka asubuhi vijana waliingia ndani, wakakaa popote palipokuwa na nafasi, na wazee wakasogea. Hakuna aliyewaambia. Gitaa la Bosko lilirudi kanisani Pentekoste ya mwaka uleule, na aliyesimama kumpisha nafasi karibu na kwaya alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo. Sisemi kwamba hatukugombana tena. Tuligombana sana, juu ya saa za misa, juu ya urefu wa sketi, juu ya ngoma. Ila tuligombana tukiwa ndani.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa kwa Mwalimu, tunakula mahindi mabichi ya kuchemsha, ya kwanza ya msimu, tukasikia "hodi" mlangoni pa jiko. Alikuwa Mzee Alto. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, na nyuma yake alisimama binti yake wa mwisho, Alberika, wa miaka kumi na mitano, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mau." Mau ndiyo mama, na watu wa rika lake wengi walimwita hivyo Bibi Kunigunda.

"Marahaba. Karibu."

Hakukaa. "Huyu ana sauti," akasema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Huimba akiwa anafagia, na mimi humkataza. Nimemleta."

Bibi Kunigunda alimtazama Alberika, kisha akamtazama baba yake kwa muda mrefu zaidi. "Mtoto nimempokea," akasema. "Na wewe keti."

"Mimi?"

"Pale Pilato anapouliza juu ya ukweli, unaharakisha. Umeharakisha tangu mwaka wa kwanza uliposimama. Xaveri alikuwa anacheka kila mkirudi hapa."

Nilishusha macho kwenye hindi langu. Nilidhani ataondoka. Mzee Alto alimgeukia Mwalimu kuona kama atamtetea, lakini Mwalimu alikuwa anatafuna, uso wake umetulia kabisa. Basi akavua koti lake la suti, akalikunja, akampa binti yake alishike. Akakaa kwenye kigoda kile kifupi nilichokuwa nikikalia mimi, magoti yakamfika karibu na kidevu.

"Ninaharakisha wapi?" akauliza.

"Imba, nitakusimamisha," Bibi Kunigunda akasema.

Akaimba. Akasimamishwa kwenye neno la pili. Akaanza tena, akasimamishwa tena, na mara ya tatu akapapasa mfukoni akitafuta miwani yake ili asome maneno mapya kitabuni, akakuta ameiacha nyumbani. Nikafuta mikono yangu kwenye khanga, nikachukua kitabu, nikapiga magoti kando ya kigoda, nikaanza kumsomea.